Kitabu Kesho, Jibu Leo

"Jael, simu yako inalia tena," Rachael, mwenye duka la uchapishaji, akaniambia. "Mbona hushiki?"

"Ni Willis."

"Si ndiyo nasema! Mwenye kitabu!"

Nikailaza simu kifudifudi. Mbele yangu kilikuwa kitabu chake cha miti ya msituni. Profesa aliyekiandika alimtumia faili, akamruhusu achapishe nakala moja, yake mwenyewe. Willis hutembeza wageni katika msitu wa Kakamega, na alitaka kishonwe kwa mkono kisiachane haraka. Nilikunja karatasi, nikashona fungu kwa fungu, nikapaka gundi. Ilipokauka ndipo nikaona: fungu la katikati, miti yote mizizi iko juu.

Ujumbe ukaingia: "Jael, tangu juzi hunijibu. Kama ni hapana, sema tu. Nakuja."

Siku aliyoleta kazi aliniuliza kama ningekubali anioe, nami nikainamisha uso. Akacheka.

"Sawa. Nikija kuchukua kitabu, nipe na jibu. Senje, dada ya baba, kule Khayega amekutengea ingokho ya kukukaribisha. Ukinikataa, kuku huyo anaenda sokoni."

Sasa ningempaje jibu, na kitabu nimekiharibu?

Akaingia, koti limelowa mvua. Hakuketi.

"Jael, nimeelewa. Sitakusumbua tena. Nipe kitabu changu niende."

"Hakiendi," nikasema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini?"

Nikakifungua pale katikati. Akatazama, akakizungusha, akatazama tena.

"Hii ndiyo ilikufanya usishike simu?"

"Niliogopa utakasirika, usirudi tena."

"Wacha! Na mimi hata silali, nikijua umenikataa!"

Akajitupa kitini kama mtu aliyetua mzigo wa miwa. Akacheka mpaka Rachael naye akashika mbavu.

"Ni miti tu, Jael. Nikifika hapo nitakigeuzanga."

"Apana. Kazi yangu haitoki hivyo. Nafumua, nashona upya. Gundi ikauke, uje kesho."

"Haya, kitabu kesho. Na jibu?"

Nilichukua wembe, nikakata uzi wa kwanza. Macho yakiwa kwenye kazi, maneno hayakunikwama.

"Mwambie senje asiipeleke ingokho yangu sokoni."