Tangi Lililojaa

Mfuko haukuwamo. Inspekta aliinama juu ya tangi la naitrojeni, mvuke mweupe ukampanda mpaka kwenye nyusi, akarudi nyuma haraka. Yeye baridi hakuipenda hata ile ya friji ya nyumbani kwake.

"Kufuli halijavunjwa," alisema sajini wake. "Aliyeiba ana ufunguo."

"Walio nao ni nani?"

"Wanafunzi watatu wa utafiti. Mmoja anasomea tiba ya watoto, mmoja sheria ya jinai, mmoja biolojia ya seli shina."

Daktari bingwa aliyewasimamia alikuwa mlangoni, miwani mkononi, hajui aivae au aivunje. Kilichoibwa kilikuwa kifuko kidogo cha damu iliyogandishwa, damu ya kitovu cha mtoto mchanga, yenye seli shina, zile zinazozaa damu mpya. Dada wa mtoto huyo, binti wa miaka mitano, alikuwa wodini ng'ambo ya ua akiisubiri.

"Uboho wake tumeshauua kwa dawa," bingwa alisema. "Kwa makusudi, ili seli za mdogo wake zipate pa kukaa. Leo ndiyo tulikuwa tumwekee. Bila hizo hatengenezi damu. Hana kinga hata ya mafua."

"Atastahimili mpaka lini?"

"Usiniulize lini. Nitafutie mfuko."

Inspekta alilizunguka tangi. "Mnajuaje naitrojeni imebaki kiasi gani?"

Bingwa akachukua rula ya mbao, akaitumbukiza, akaitoa. Barafu ilikuwa imeishika karibu yote. Akakunja uso. "Ajabu, limejaa. Gari la kujaza linakuja kesho. Leo ilipaswa kuwa nusu."

Sajini akautikisa mtungi wa akiba pale pembeni. Ulikuwa mtupu.

Ukutani palikuwa na kengele ya kuonya naitrojeni inapopungua. Ilikuwa imezibwa mdomo kwa utepe, tabaka juu ya tabaka, na utepe wa chini ulishashika vumbi. Inspekta akaipiga picha.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa mwanafunzi wa sheria, ambaye hata wafagizi walimwita Wakili.

"Kwenye utafiti wako uliandika kwamba kuchukua damu hii ni kosa."

"Niliandika kwamba mtoto mchanga hawezi kuridhia. Kuandika si kuiba, Afande."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nina haki ya kunyamaza."

"Haya, nyamaza."

Hakuweza. "Nilikuwa kwa shangazi, namsaidia kuhama. Mpigie simu! Kabati lake limeniponda kidole." Akakionyesha. Kilikuwa kimevimba kweli.

"Kengele aliziba nani?"

Wakili aliangalia sakafu. "Sote. Inalia hata ukifungua kifuniko tu. Unasoma huku roho iko mkononi."

Mwanafunzi wa tiba ya watoto alikuja macho mekundu. Tangu jana hakuwa ametoka wodini, na wauguzi walimshuhudia.

"Mtoto ananiuliza Mjomba Barafu yuko wapi," alisema. "Alimwahidi atauleta mfuko kwa mkono wake."

"Mjomba Barafu ndiye nani?"

"Profesa. Yule mwenzetu wa seli shina. Humchezea moshi wa naitrojeni nje ya kioo cha chumba chake, mtoto anacheka mpaka anasahau sindano."

Profesa hakuwa profesa. Jina alipewa na wenzake kwa kujifanya anajua kila kitu. Alikaa kitini, mikono katikati ya magoti.

"Tangi umelijaza wewe?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Lini?"

"Jana."

"Na juzi?"

"Na juzi."

"Kila siku?"

Profesa aliitikia kwa kichwa.

"Nimeshika wezi wengi, kijana. Wanachukua, wanatimua mbio. Sijamwona mwizi anayelihudumia tangi alilolipora. Unaogopa lisikauke?"

"Lilishakauka."

"Eleza."

"Juma lililopita nilikuwa naandaa wasilisho langu. Sikulipima. Kengele ndiyo hivyo, tumeiziba. Jumatatu asubuhi nikatumbukiza rula, ikatoka kavu. Nikajaza mbio mbio. Halafu nikayeyusha kile kichupa cha majaribio kinachokaa na mfuko, nikatia rangi ya bluu. Seli hai huikataa rangi. Zote zilikuwa bluu, Afande. Zote."

"Ukanyamaza."

"Ningefukuzwa. Miaka yote hii ya kusoma ingekwenda na maji. Nikawa najaza kila siku kama mwendawazimu. Jana nikaona, kesho watamwekea seli zilizokufa, na mimi nimesimama pale. Nikauchukua."

"Uko wapi?"

"Kabatini mwangu, chini ya koti."

Sajini aliuleta akikimbia, maana tumaini halisikii maelezo. Bingwa aliweka tone chini ya darubini, akatazama, akatazama tena. Kisha akavua glovu.

"Jumatatu asubuhi," alimwambia Profesa polepole. "Dawa ya kuua uboho tulianza Jumatatu mchana."

"Najua."

"Ulikuwa na simu mfukoni. Neno moja tu, ningeahirisha. Uboho wake ulikuwa mgonjwa, lakini alikuwa nao!"

Profesa aliangua kilio. Inspekta alimfunga pingu kwa hasira ambayo hakujisumbua kuificha.

Mama wa mtoto alikuwa ameketi nje ya chumba cha kioo. "Mmeupata?"

"Tumeupata, mama. Haufai." Inspekta akamweleza yote bila kuzunguka.

Mama hakupiga yowe. Alimgeukia bingwa, akapandisha mkono wa gauni. "Na mimi je?"

"Wewe na yeye mnalingana nusu tu. Ni hatari."

"Nusu nayo ni kitu. Nitoboeni."

Njia ya kutokea ilipita mbele ya kioo kile. Mtoto, kichwa kitupu bila unywele, aliinuka kitandani alipomwona Profesa. Sauti haikupenya, lakini midomo ilisomeka: Mjomba Barafu!

"Afande, nifungulie mkono mmoja," Profesa alinong'ona. "Nimpungie tu."

Inspekta alimtazama mtoto, akatoa ufunguo. "Si kwa ajili yako."

Profesa akapunga. Mtoto naye akapunga, akacheka. Kisha akafunua viganja vyote viwili, akaviinua na kuinamisha kichwa upande, akiuliza: mfuko uko wapi?