Vikasha vya Bure

"Shangazi, mgonjwa anapumua haraka. Narudia, mgonjwa anapumua haraka."

Sauti ya Mjomba, mkuu wake wa upelelezi, ilikwaruza sikioni, ikakatika. Mgonjwa, kwa mafumbo yao ya redioni, ni saa mpya za kiwanda.

Shangazi hakuwa na pumzi ya kujibu. Alikuwa anakata kona nyuma ya kiwanda cha saa, bastola yake ya Beretta mkononi, macho kwenye Toyota nyeupe ya mizigo iliyokuwa inarudi kinyumenyume kuelekea geti.

"Ndugu, simama tafadhali!" Dereva alimwona. Akakanyaga mafuta.

Risasi moja tu, tairi la mbele. Gari likayumba, likakumbatia nguzo ya taa.

"Shuka. Mikono juu ya boneti."

"Dada, mimi dereva tu! Wallahi dereva tu!"

"Nimekuita kwa heshima, ukanikimbia. Kwa nini?"

"Aliniambia nikiitwa nisisimame. Nichukue vikasha vilivyobaki, kisiachwe hata kimoja."

"Nani huyo?"

"Simjui jina. Ana glavu, ana barakoa mpaka machoni. Tumepakia pamoja asubuhi nzima, mimi na yeye, vibarua kawafukuza. Tajiri anayebeba mizigo mwenyewe, dada, wewe umemwona wapi?"

Shangazi aliinama ndani ya gari. Vikasha vya saa. Vyeusi, vya mahameli, vifuniko vinajifunga vyenyewe, tap, bila kitasa.

Pini ikachomoka nywelani mwake, ikaruka, ikaganda kwenye kifuniko.

Akaivuta. Ikagoma. Akaivuta tena kwa nguvu.

"Mungu wangu, nisimamie," alisema taratibu. Aliomba kweli, haikuwa kauli ya mshangao.

Sumaku. Tena si ile ndogo ya kubana kifuniko. Hii ilikuwa ya kuua.

Ndani ya saa ya kujazwa ufunguo kwa mkono mna springi nyembamba kama unywele. Ikinaswa na sumaku, mizunguko yake hushikana, na saa hukimbia kama imepandwa na wazimu. Shangazi alilijua hilo tangu utoto. Mama yake alizeekea kwenye benchi la kiwanda hiki, na sasa benchi hilo hilo analikalia mdogo wake.

Akabonyeza redio. "Mjomba, homa nimeipata. Imo kwenye shuka za mgonjwa."

"Una muda?"

"Sina."

*

Mama Masoko, mkuu wa mauzo, alikuwa nyuma ya pazia la ukumbi anajipaka poda. Mpango mzima wa uzinduzi ulitoka kichwani mwake. Adhuhuri, mbele ya mawakala wa kila upande, saa mpya zilitiwa kwenye vikasha na kufungiwa kabatini. Jioni hii zingefunguliwa na kulinganishwa na saa kubwa ya ukutani. Zikienda sawa, mawakala watatia saini ya kununua. Zikikosea, Mwenyekiti wa bodi atatia saini ya kuuza kiwanda, na mnunuzi alikwisha kaa kiti cha mbele.

"Usifungue kabati," Shangazi alisema.

"Na wewe ni nani wa kuniamrisha?"

"Vikasha umevitoa wapi?"

"Vya msaada. Bure. Mteja hununua kwa macho, mama. Anaanza na kikasha, ndipo aione saa. Hayo nimeyasomea."

"Bure hiyo imewaua."

Shangazi aliisogeza pini karibu na kikasha. Ikaruka. Mama Masoko akaacha poda hewani.

Nyuma yao mlango ulisukumwa. Mdogo wake Shangazi akaingia na koti lake jeupe la kazi, macho mekundu.

"Dada, nilitega sikio kabatini, ndiyo maana nikampigia Mjomba wako wa kazini. Zinakimbia zote! Hebu nipeni nafasi nizirudishe nyuma kabla hawajaona."

"Hapana."

"Dada, tutafukuzwa wote! Yule mnunuzi anataka jina letu tu alibandike kwenye saa zake za huko kwao. Benchi la mama atalipasua kuni."

"Hatudanganyi, mdogo wangu. Tukidanganya, tumemsaidia kazi. Wale mafundi wenzako wako wapi?"

"Nje. Wanalia."

"Wana saa mikononi?"

Mdogo wake akajitazama kifundo cha mkono. Kila toleo jipya mafundi hulivaa wenyewe kwanza, kazini na nyumbani, wanaogea nalo, wanafulia nalo, hadi waliridhie. Hakuna aliyewahi kuhesabu hilo kuwa ni tangazo.

"Ninyi," Shangazi alimwambia Mama Masoko, "mlikuwa na tangazo, mkaenda kuomba vikasha."

Mama Masoko aliiweka poda chini, akatangulia ukumbini.

*

Ukumbini walikuwa wamechelewa. Mwenyekiti alikwisha fungua kabati.

Kicheko kilianzia kiti cha mbele.

Mwenye kicheko walimwita Marashi, kwa harufu iliyomtangulia kila mlango. Alikuwa mjumbe wa kampuni ya nje iliyotaka kukinunua kiwanda.

"Saa gani hizi? Moja imefika usiku, nyingine bado iko njiani!" Aligeukia mawakala. "Mwenyekiti, kalamu unayo?"

Mwenyekiti alikuwa nayo. Aliishusha juu ya karatasi ya mauzo.

"Iweke chini, mzee wangu," Shangazi alisema.

Akapanda jukwaani. Hakupaza sauti. Alishika kikasha, akaiachia pini. Ukumbi mzima uliiona ikiruka.

"Vikasha vina sumaku. Saa hazina kosa."

"Visingizio!" Marashi alifoka. "Huyu nani? Mfagiaji?"

Mama Masoko alichukua kipaza sauti. "Mafundi, ingieni. Kunjeni mikono ya makoti."

Waliingia kwa mstari, wengine bado wanafuta machozi. Wakanyoosha mikono mbele ya mawakala. Wakala mmoja mnene alisimama, akatazama mkono, akatazama ukutani. Akaenda mkono wa pili. Wa tatu.

"Sawasawa," alisema. "Zote. Na hii ina sabuni ya kufulia kwenye mkanda."

Watu wakacheka, kicheko cha namna nyingine.

Marashi hakucheka. "Mchezo wa kuigiza! Sumaku wameiweka wenyewe. Mimi nimeshuka kwenye ndege, nikaja hapa moja kwa moja. Vikasha hivyo navionea hapa hapa."

"Hujavigusa?"

"Sijavigusa."

"Saa yako nzuri," Shangazi alisema.

"Chapa ya kampuni yangu. Haijawahi kukosea, na haitakosea."

"Mzee wangu, hebu tusomee saa ya bwana huyu."

Mwenyekiti aliushika mkono wa Marashi kabla hajaurudisha mfukoni. Akasoma. Akafuta miwani, akasoma tena.

"Imeikimbia ya ukutani. Imeiacha mbali."

"Chagua, bwana," Shangazi alisema. "Mawakala wako hapa wanakusikiliza. Ama saa za kampuni yako ni mbovu, ama asubuhi nzima umebeba vikasha hivi nayo mkononi. Sema moja."

Marashi alivuta mkono wa koti, akaifunika saa.

Kutoka mlangoni, dereva aliyeshikwa na walinzi alinusa hewa.

"Ndiye! Harufu ile ile! Nilifungua madirisha yote ya gari!"

Mkono wa Marashi ulizama ndani ya koti. Bastola ilitoka nusu tu. Kitako cha Beretta ya Shangazi kilishuka juu ya kifundo chake, kioo cha saa kikapasuka, bastola ikaanguka zuliani. Pingu zikalia.

"Kampuni yangu itakupata," alinong'ona. "Wewe na ukoo wako."

"Ukoo wangu uko benchini. Unafahamika."

Mwenyekiti aliichana karatasi ya mauzo. Mawakala walikuwa wamewazunguka mafundi, wanawavuta mikono kama ndugu waliopotezana. Mdogo wake Shangazi alijipenyeza kati yao.

"Dada, ngoja nikuvishe moja."

"Nina pini yenye sumaku mkononi, mtoto wewe."

"Basi kaa mbali na benchi langu!"

Shangazi akaibandika pini kwenye pingu za Marashi. Ikaganda. Akaelekea mlangoni, nywele zimemwangukia upande mmoja.

Redio ikakwaruza. "Shangazi, mgonjwa vipi?"

"Anapumua vizuri."

"Na wewe?"

"Nadaiwa tairi," alisema, akatoka.