Jicho la Kinyozi Lilipozimika

Kinyozi alikuwa akimchonga mteja ndevu, na mdomo wake haukutulia, maana kwake kunyoa na kupiga soga vilikwenda pamoja. Ghafla jicho lake la kulia likaingia giza. Hakusikia maumivu. Alilifikicha, giza likabaki palepale.

Aliweka wembe chini, akamwita mkewe aliyekuwa akianika mataulo nje.

"Mama watoto, jicho moja halioni."

"Linauma?"

"Hata kidogo. Nitajilaza, litafunguka lenyewe."

"Utajilaza tukitoka hospitali. Taa ikizimika tunamwita fundi, sembuse jicho?"

Mteja alijifuta povu mwenyewe, akasema atarudi kumaliziwa shavu la pili.

Hospitalini, daktari alimpima presha. Ilikuwa juu. Alimulika jicho, kisha akampeleka kwa dada anayepiga picha za macho. Dada alimtia matone ya kupanua mboni, akamdunga dawa ya rangi mkononi.

"Baba, mkojo ukiwa wa manjano usishtuke," alisema. "Rangi hii inapita ndani ya damu. Picha zitatuonyesha inafika wapi. Weka kidevu hapa, usitikisike."

"Leo mimi ndiye ninayeambiwa nisitikisike," kinyozi alisema. Mkewe akatabasamu.

Kwenye picha za jicho la kushoto, mishipa yote iling'aa. Za kulia, rangi ilijikongoja, ikachelewa kufika.

"Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina," daktari alieleza. "Ndio unaopokea tunachokiona. Mshipa unaoulisha damu umezibwa na damu iliyoganda."

"Nitaona tena?"

Daktari hakumficha. "Labda kidogo. Lakini damu hiyo ingeweza kuziba mshipa wa ubongo pia. Hicho ndicho kiharusi, na hatari bado ipo. Mmefanya vyema kuja mara moja. Sasa tutafute chanzo."

Kinyozi alimgeukia mkewe. Mkewe alimshika mkono.

Alilazwa. Vipimo vilionyesha mshipa wa shingoni umekuwa mwembamba, na hicho ndicho kilikuwa chanzo. Akatibiwa, akaanza dawa za presha, na sigara akaziaga. Jicho la kulia lilipata mwanga hafifu tu. Kiharusi hakikumpata.

Siku hizi amehamisha kiti, mteja akae upande wa jicho zima. Kabla ya kushika wembe humuuliza kila mtu mzima, "Presha umepima lini?"

Asiyekumbuka huonyeshwa njia ya kliniki.

"Nenda kwanza," kinyozi humwambia. "Nywele zitazidi kuota tu, nami nipo."