Kapteni Aliyeondoka Kabla ya Kipimo cha Pili

Kila siku ya safari aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alipiga pasi shati lake jeupe. Alivaa beji za mabegani, zile zenye mistari minne ya rubani mkuu. Kisha alibana nywele ili kofia ikae vizuri.

Baba yake alikuwa ameshaamka. Mzee huyo aliishi na binti yake tangu alipofiwa na mkewe. Asubuhi alichemsha chai, halafu akauliza swali lilelile.

"Leo unakwenda wapi, mama?"

"Kaskazini, baba. Nitarudi saa kumi jioni."

"Haya. Ukirudi utanisimulia mawingu."

"Mawingu ni yaleyale, baba."

"Hayawi yaleyale hata siku moja," mzee alisema, akamsogezea kikombe.

Mtaa mzima ulimwita Kapteni. Ndege yake ilikuwa ndogo, ya viti hamsini, lakini alipoizungumzia ungedhani anamsifu mtoto wake. Na jambo moja lilijulikana na kila mtu: Kapteni hakunywa pombe. Hakuwahi kuionja. Baba yake alikuwa dereva wa lori zamani, na pombe ndiyo iliyommwagisha unga. Binti alikuwa darasa la nne siku mzee alipoletwa nyumbani akiwa amebebwa. Siku hiyo aliapa moyoni. Mzee naye aliacha miaka mingi baadaye, na sasa alikuwa na miaka kumi na moja bila kugusa hata tone.

Asubuhi hiyo Kapteni alikuwa na maumivu kidogo. Siku tatu nyuma aling'olewa jino. Daktari alimruhusu kurudi kazini, akampa dawa ya kusukutua mdomo. Shavu lilikuwa bado limevimba, na maneno yalimtoka mazito kidogo.

Saa moja na dakika kumi, akiwa kiwanja cha ndege, aliingia msalani akasukutua. Alipotoka tu, akakutana na abiria mmoja ukumbini.

"Samahani, dada," abiria alisema. "Ndege ya kaskazini inaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili kamili," Kapteni alijibu.

Abiria akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa amenusa kitu. Akaangalia lile shavu, akaangalia ile mistari minne, akaenda moja kwa moja kaunta.

"Mimi sipandi," alisema kwa sauti. "Rubani wenu kalewa!"

Watu wakageuka. Simu zikatolewa mifukoni.

Dakika tano baadaye Kapteni alikuwa ofisini kwa meneja wa kituo. Meneja alishika kipimo cha pumzi. Hakumtazama usoni.

"Kapteni, nisamehe. Kuna malalamiko. Naomba upulize hapa."

Kapteni akapuliza bila wasiwasi. Kipimo kikalia. Kilionyesha kileo.

"Haiwezekani!" alisema. "Kimeharibika hicho."

"Utaratibu unasema tusubiri dakika ishirini, halafu tupime tena," meneja alisema. "Keti hapa. Usile wala usinywe kitu."

Kapteni alitazama dirishani. Watu walikuwa wakimchungulia kama mwizi aliyekamatwa sokoni. Damu ikamchemka.

"Niketi hapa nitazamwe? Mimi? Maisha yangu yote sijaonja pombe, leo niketi nipimwe mara mbili?" Akavua kofia, akaibamiza mezani. "Tafuteni rubani mwingine!"

Akatoka. Meneja alimwita mara tatu. Hakugeuka.

Ndani ya teksi machozi yalimtoka. Simu yake haikunyamaza. Alipoifungua, akaona picha yake imeshasambaa. Mtu mmoja aliyemfahamu alikuwa ameandika chini yake: "Kamrithi baba yake." Akaizima simu.

Alipofika nyumbani ilikuwa saa mbili. Baba yake alikuwa uani, akizungumza na jirani yao. Jirani huyo alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alikuwa anaanika nguo.

"Kulikoni, mama?" mzee aliuliza. "Mbona umerudi?"

Kapteni akaeleza yote kwa kwikwi. Alipomaliza, jirani aliacha kanga ikining'inia nusu kwenye kamba.

"Shoga, hebu tulia. Kabla ya kupuliza ulitia nini mdomoni?"

"Hakuna. Nilisukutua dawa ya daktari wa meno tu."

"Lini?"

"Dakika tano hivi kabla."

"Chupa iko wapi?"

Kapteni akaitoa kwenye mkoba. Jirani akasoma maandishi madogo, akatikisa kichwa.

"Hii hapa. Dawa hii ina kileo ndani yake. Kipimo hakikuharibika. Kilinusa kileo cha mdomoni, si cha damuni. Cha mdomoni hupotea baada ya robo saa hivi. Ndiyo maana wanasema subiri dakika ishirini. Kile kipimo cha pili ulichokikimbia, ndicho kingekuokoa."

Kapteni akaketi kwenye ngazi.

"Sasa?"

"Sasa tunarudi. Ukiondoka bila kupimwa, wengi watahesabu kwamba umekataa. Na kukataa kunaweza kukuondolea leseni kama vile umelewa. Lakini bado ni mapema. Mtu aliyelewa saa moja, saa tatu damu yake bado inasema. Omba wakutoe damu."

"Nitoe wewe, si una ujuzi?"

"Thubutu! Mimi ni jirani yako. Watasema tumepanga. Akutoe daktari wa kiwanja, mbele ya meneja."

"Siwezi kurudi pale," Kapteni alisema kwa sauti ndogo. "Wote wananitazama. Wanasema nimemrithi baba."

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalikuwa mekundu.

"Waliponishtaki mimi, mwanangu, nilikimbia kwa sababu ilikuwa kweli," alisema. "Wewe unakimbia nini?"

Kapteni akanawa uso, akaingia tena kwenye teksi. Jirani akapanda naye.

Saa tatu kasoro robo alisimama mbele ya meneja. Safari hii hakupaza sauti.

"Nilikosea kuondoka," alisema. "Naomba nipimwe pumzi tena, na naomba nitolewe damu."

Meneja akashusha pumzi. "Bora umerudi."

Kipimo cha pumzi kikaonyesha sifuri. Daktari wa kiwanja akaja. Jirani hakugusa kitu, lakini alinong'ona: "Mwambie asisafishe ngozi kwa spiriti, maana nayo ni kileo." Kapteni akasema hivyo. Daktari akatabasamu. "Najua, lakini umefanya vizuri kukumbusha." Damu ikawekwa kwenye chupa mbili, zikafungwa lakiri, wote wakasaini na kuandika saa. Chupa moja ilikwenda maabara. Ya pili ilihifadhiwa, ipimwe kwingine kama kungetokea ubishi.

Mchana huo Kapteni alimpigia simu katibu wa chama cha marubani, mstaafu mwenye sauti ya mikwaruzo.

"Andika leo, kabla hujasahau," katibu alimwambia. "Ulikula nini, ulikunywa nini, dawa gani, saa ngapi, nani alikuwepo. Tunza hiyo chupa na cheti cha daktari wa meno. Usisaini karatasi ambayo hujaielewa. Na huko mitandaoni usijibu hata neno moja."

"Na yule abiria aliyenipaka matope?"

"Mwache. Yeye alinusa kileo, akasema. Roho yake ilikuwa mikononi mwako. Ningekuwa mimi, ningesema pia."

Maneno hayo yalimchoma, lakini aliyakubali.

Kapteni akasimamishwa kazi hadi uchunguzi uishe. Aliambiwa wiki mbili. Zikawa tano.

Hapo ndipo alipojua hamu ni kitu gani. Nyumba yao ilikuwa chini ya njia ya ndege. Aliosha vyombo, ndege ikapita, mikono ikasimama ndani ya maji. Kwa mlio tu alijua ni ndege ipi, na aghalabu alijua ni mwenzake gani anairusha. Alijikuta anahesabu kimoyomoyo: sasa anakunja magurudumu, sasa anageuza kushoto, sasa anaiona bahari ya mawingu. Alitamani hata vitu alivyovilalamikia zamani: kiti kigumu, kahawa iliyopoa, mkanda unaobana bega. Shati jeupe lilining'inia kabatini. Siku moja alilipiga pasi, ingawa hakuwa na pa kwenda nalo, akalirudisha.

Baba yake aliacha kuuliza lile swali la asubuhi. Alileta chai, akakaa kando yake, wakasikiliza ndege ya saa mbili ikipita.

Wiki ya tano aliitwa mbele ya kamati. Katibu wa chama alikaa pembeni yake. Kapteni alisoma maelezo yake polepole, kwa mpangilio wa saa. Chupa ya dawa iliwekwa mezani. Majibu ya damu yakasomwa: hakuna kileo.

"Kamati imeridhika kwamba hukuwa umelewa," mwenyekiti alisema. "Lakini uliondoka kabla ya kipimo cha pili. Kwa hilo unapewa onyo, na wiki mbili zaidi hutaruka. Una la kusema?"

Zamani angefoka. Sasa akasema, "Onyo nimelipokea. Naomba wiki hizo mbili nizitumie kuwafundisha wenzangu."

Wakamkubalia. Akawekwa kwenye chumba kidogo chenye dirisha linalotazama uwanja. Aliwaambia marubani, kundi baada ya kundi: "Someni chupa za dawa kabla ya kazi. Ukisingiziwa, toka kwenye ndege kwa heshima, usigombane na mtu. Kubali kipimo, subiri cha pili, omba cha damu, andika kila kitu, ita chama. Kama hukunywa, kipimo ni rafiki yako."

Siku ya nane, rubani kijana alilalamikiwa. Alikuwa amepaka mikononi dawa ya kuua vijidudu, yenye harufu kali. Kijana hakufoka. Alipuliza, kipimo kikalia; akaketi dakika ishirini, akapuliza mara ya pili, sifuri. Alitolewa damu, akaandika maelezo yake, na daktari akamruhusu. Ndege yake ilichelewa dakika hamsini tu. Kapteni aliitazama kupitia dirisha ikikimbia, ikiinua pua, ikiiacha ardhi. Alifurahi kwa ajili ya kijana yule. Lakini kiganja chake kikabaki kwenye kioo muda mrefu.

Hatimaye siku yake ikafika. Alirudi kwenye kiti cha kushoto, kiti cha kapteni. Abiria hamsini walikaa nyuma yake. Mnara wa kuongozea ndege ukamruhusu, akasukuma mitambo mbele, na ndege ikatetemeka kama zamani. Magurudumu yakaachana na lami.

Walipofika juu na ndege ikatulia, rubani msaidizi alimtupia jicho.

"Kapteni, uko sawa?"

Mbele yao anga lilikuwa wazi, mawingu meupe chini, buluu juu, hadi mwisho wa macho.

"Shika wewe," alisema.

"Nimeshika, Kapteni."

Akaondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani.

"Dakika moja tu," alisema. "Niache nitazame."