Siku Balitaka Kuchoma Mudogo Wangu

Kisu ilikuwa kwenye shingo yangu. Na mwenye kuishika ni Lusenge, mudogo wangu, mutoto wa mama yangu! Miye ni yaya yake, dada mukubwa.

"Yaya Katungu, leta machine!"

"Machine ya kushona ya mama? Tutakula nini?"

"Leta, ao nitakukata!"

Bandugu, hata kuogopa nilishindwa. Niliangalia tu macho yake... mekundu, hamuna mutu ndani. Kanyanga, ile pombe kali, na chanvre, ni kusema bangi, bilishamumaliza.

"Beba," nikamwambia.

Akabeba. Kufika barabarani, batu ya quartier bakamushika. Hapa Butembo, mwizi habamupelekake ku police. Makofi, mawe, pneu, tairi ya gari, kwenye shingo. Papa Ézéchias, jirani yetu, muzee wa kanisa, njo alileta bidon ya essence, petroli ya kumuchoma.

"Leo tunamaliza huyu!"

Nilisimama pale. Sikulia.

Mama akapita katikati ya batu, akakaa chini, akakumbatia Lusenge pamoja na ile pneu.

"Munichome naye! Ni miye nilimupatia pombe ya kwanza!"

"Tulikuwa tunakimbia Beni," mama akasema. "Tulijificha ndani ya shamba ya kakao, bale ba kuua batu banapita karibu. Huyu alikuwa mudogo sana, analia. Benzetu ba kujificha bakaniambia: nyamazisha mutoto, ao tutakufa wote! Nikamunywesha kanyanga mpaka akalala. Tukapona. Kisha, kila mara aliota na kupiga kelele, nilimupatia tena. Sikukuwa na dawa ingine."

Mwanamuke moja akauliza: "Lakini kanyanga ulitoa wapi, ndani ya pori?"

Mama akainua macho.

"Papa Ézéchias, ubaambie."

Bidon ikaanguka...

"Nilikuwa nao mule shamba; ilikuwa chupa yangu," muzee akajibu, sauti chini. "Na ni miye nilisema anyamaze."

Papa Ézéchias mwenyewe alipiga magoti, akatosha ile pneu kwenye shingo ya Lusenge.

Sasa Lusenge iko ku centre moja ya bamasœur, batawa benye kutunza balevi. Saa ingine anatoroka. Papa Ézéchias anapanda moto, pikipiki yake, anaenda kumutafuta, anamurudisha. Miye, mpaka leo sijalia.

Wewe mwenye kusoma, kama kwenu kuko kijana wa kunywa, kabla ya kuokota jiwe uliza: alianza na miaka ngapi? Nani alimupatia? Na kama kuko mutoto mwenye kuota vibaya, usimutafutie kitu ya kumulalisha. Kaa naye. Acha alie.