Kadi ya Skořice

Kila siku baada ya masomo, Apolena alivua viatu vyake vyenye theluji mlangoni, akavaa ndara za kitambaa, akaingia katika chumba cha klabu ya wafugaji wa mijusi mjini Třebíč. Aliwabadilishia mijusi maji na kuwapa nyenje waliopakwa unga wa chokaa. Kisha alikaa mbele ya sanduku la kioo la Skořice, mjusi jike wake mwenye madoa na mkia mnene, akamsimulia mambo ya darasani.

Dume wa Skořice, Baron, alikufa mwezi wa Oktoba. Alikuwa wa manjano, macho mekundu, bila doa jeusi hata moja. Kadi yake ilifungwa kwa tarehe ya kifo. Ndiyo ilikuwa desturi ya klabu: kila sanduku na kadi yake, na kila jambo, kupandishwa au kutaga, liliandikwa kwa wino. Kufuta ni mwiko. Na aliyempandisha mjusi wa mwenzake bila ruhusa alitolewa klabuni.

Likizo ya Februari, Vendula, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alikwenda milimani kwa bibi yake. Alimwachia Apolena ufunguo wa sanduku na kazi ya kumlisha Kašpar, dume wake mwenye madoa meusi aliyekuwa akitunzwa kwa ajili ya maonyesho. Apolena alimlisha, basi. Hakumgusa zaidi ya hapo.

Mwezi wa Machi Skořice alitaga mayai mawili.

"Haya, niambie," Vendula alisema, mikono kiunoni. "Baba yao nani?"

"Sijui, Vendula. Haki ya Mungu sijui."

"Hujui! Baron amekufa tangu Oktoba. Ufunguo ulikuwa nao wewe!"

"Labda amepata mimba kwa upepo," Radim, mwanachama mwenzao, akadakia kutoka kwenye ndoo ya nyenje, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Tangu siku hiyo Apolena alikula peke yake. Alipoweka sahani yake mezani shuleni, wenzake waliinuka na zao, mmoja mmoja, hata mchuzi haujapoa. Jioni alirudi nyumbani akasema kula alikula, shule ilikuwa nzuri, kisha akajifungia chumbani. Mwalimu Drahomíra, mlezi wa klabu, angeweza kumsaidia, lakini alikuwa hospitalini. Aliteleza kwenye barafu akavunjika mguu.

Wiki ya tatu Vendula alimfuata kwenye ngazi. "Kubali tu, Apolena. Andika kwenye kadi, yaishe. Nitakuombea usitolewe."

Jamani, mtoto wa miaka kumi na miwili atavumilia mpaka lini? Apolena alichukua kalamu akaandika: *12 Februari, amepandishwa na Kašpar.* Siku hiyo hiyo Vendula alimgawia nusu ya mkate wake wenye siagi na vitunguu. Apolena aliutafuna, lakini haukupita vizuri.

Mwalimu Drahomíra alirudi kwa magongo, akapita akisoma kadi zote. Alisimama mbele ya ile ya Skořice.

"Apolena, hebu njoo. Kašpar alimng'ata shingo upande gani?"

"Wa… wa kushoto, Mwalimu."

"Mbona sioni hata kovu? Dume humng'ata jike shingoni, mwanangu. Kašpar ana fujo, angemwachia alama."

Apolena akalia kwa kwikwi, mbele ya wote. "Sikumpandisha! Niliandika ili wanisemeshe!"

Mwalimu alivuta kiti. "Sikilizeni. Mjusi jike wa aina hii anaweza kuhifadhi mbegu za dume tumboni, zikapita baridi nzima zikiwa hai. Dume amekufa, yeye msimu unaofuata anataga. Hayo nimeyaona mara mbili. Ila sasa nitayathibitishaje, na kadi inasema uongo?"

Vendula akageuza uso. "Kwanza hukufanya, kisha ulifanya, sasa tena hukufanya. Nishike lipi?"

Apolena alichukua kalamu. Alipiga mstari mmoja juu ya maneno yake, yakabaki yanasomeka, akatia sahihi pembeni. Upweke ukarudi, mara hii mkali zaidi, maana safari hii alijua amejitakia. Hata hivyo alikuja kila siku, akapima joto la mayai, akaandika, akaenda zake bila kuagwa.

Wiki ya kwanza ya Mei, yai moja lilipasuka. Kakichwa kakatokea, kakapepesa macho. Yalikuwa mekundu. Mwili wa manjano hafifu, mistari ya kahawia, weusi hakuna.

"Vendula," Mwalimu aliita, "leta kadi za ukoo wa Kašpar. Rangi hii haitokei mpaka baba na mama wote wawili waibebe damuni. Kwenu ipo?"

Vendula alipekua kadi hadi za babu yake Kašpar. "Haipo," alisema kwa sauti ndogo. Akamtazama yule mjusi mdogo, kisha Apolena. "Ni mtoto wa Baron. Apolena, nilikuonea. Nisamehe."

"Hata mimi nilikudanganya," Apolena alijibu.

Mwalimu aliwashika mabega. "Wewe Vendula, umemhukumu mwenzako kwa jambo usilolijua. Na wewe Apolena, kukiri kosa ambalo hukulifanya ni uongo kama uongo mwingine. Ulitaka rafiki, ukampa maneno ya kumridhisha. Siku nyingine shika ukweli wako, hata ukikaa nao peke yako."

Apolena alifungua droo, akatoa kadi ya Baron iliyofungwa tangu Oktoba. Chini ya tarehe ya kifo aliandika kwa wino: *Mei, mtoto mmoja.* Vendula akamshikia kadi isiteleze.