Dumu Safi la Aminieli

Kila asubuhi Aminieli alipanda hadi kijiji cha Oldonyo Sambu kwa pikipiki. Alikusanya maziwa ya akina mama na kuyashusha Ngaramtoni kabla jua halijapanda. Mtu wa maziwa asiye msafi hana kazi, lakini Aminieli alipitiliza. Kila dumu nyumbani kwake lilioshwa na kusuuzwa kabla ya kujazwa, hata la petroli. Mkewe, Tekla, alimcheka mpaka akachoka.

"Hata petroli unaitayarishia chombo kama maziwa?"

"Uchafu ni uchafu tu," Aminieli alijibu.

Tangu biashara huria iingie, mafuta yaliuzwa kila kona. Safari hii alinunua kwa Said, mchuuzi wa barabara ya Nairobi. Said hakumficha kitu.

"Hii imetoka ng'ambo ya mpaka. Imechanganywa na spiriti ya miwa, wenyewe wanaiita ethanoli. Pikipiki inakwenda nayo vizuri."

Aminieli akaimimina katika dumu lake dogo. Chini kulikuwa na maji ya kusuuzia, yanayotosha kikombe cha kahawa. Hakuyajali. Kesho yake akamimina dumu lote kwenye tenki.

Akiwa njiani kurudi na maziwa, pikipiki ilikohoa, ikazima. Alipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Jua likapanda. Nosim, kiongozi wa akina mama wale, alikuwa akienda sokoni kwa miguu, akamkuta hapo. Alifungua dumu la maziwa, akanusa.

"Yameharibika yote," alisema taratibu. "Aminieli, yakiharibika tena, tutampa mtu mwingine."

Maziwa ndiyo yaliyolisha nyumba ya Aminieli.

Akaisukuma pikipiki mpaka kwa jirani yake Mikidadi, fundi wa pikipiki aliyejifunza kazi mjini, mtaa wa Daraja Mbili.

"Said kaniuzia maji. Namfuata sasa hivi, atanitambua."

"Kaa kwanza, ndugu yangu."

Mikidadi alitoa mafuta ya tenki, akayatia kwenye chupa ya kioo. Wakangoja. Yakajigawa mawili: juu petroli, chini kitu chenye ukungu.

"Umeona? Maji hayo," Aminieli alifoka.

Mikidadi hakubishana. Alikwenda kwa Said, akarudi na petroli ileile katika chupa kavu. Ilikuwa safi kabisa, haikujigawa. Kisha akaongeza maji ya kizibo kimoja cha soda, akatikisa. Ikajigawa palepale.

Aminieli alishtuka. Alikodolea macho chupa, kisha akatazama mikono yake.

"Kwa hiyo ni maji yangu mimi?"

"Ni ya dumu lako."

"Mbona miaka yote nasuuza na pikipiki inakwenda?"

"Petroli tupu haichanganyiki na maji. Yalikaa chini, ukayaacha ndani ya dumu. Spiriti inapenda maji. Inayanywa, na yakizidi inaiacha petroli na kushuka na maji hayo chini ya tenki. Huko chini ndiko injini inakonyonya."

"Sasa nifanyeje?"

"Dumu la petroli liwe la petroli tu. Liwe kavu kabisa, kifuniko kikaze. Liweke mbali na jiko. Usiweke akiba ya muda mrefu, hata hewa ina unyevu. Na mipira ya mafuta uikague, spiriti huweza kuiharibu."

Mikidadi akasafisha tenki na kabureta, akatia mafuta makavu. Pikipiki ikawaka kwa kiki ya kwanza. Kabla ya kwenda nyumbani, Aminieli alipita kwa Said. Alimwamkia vizuri kuliko siku zote, na Said hakuelewa kwa nini.

Asubuhi Nosim alimngoja na maziwa, uso umekunjwa.

"Umeosha madumu?"

"Ya maziwa nimeosha. La petroli sijaosha, wala sitaliosha tena."

Nosim alipigwa na butwaa. "Wewe, Aminieli?"

"Mimi mwenyewe. Lete maziwa, mama."

Nosim akampa. Siku hiyo maziwa yalifika Ngaramtoni yangali na joto la ng'ombe.